Nani Alimpiga Jogoo wa Shaba

Kabla kahawa haijachemka, watu watatu walikuwa wamekwisha kukiri kwamba ndio waliompiga risasi jogoo wa ukumbi wa mji, na wa nne alikuwa mlangoni akikung'uta theluji viatuni. Wilmer Kistler, mkuu wa polisi wa Weidenburg, alikuwa katika kazi hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hakuwahi kukutana na taabu ya namna hii. Kwa kawaida mhalifu ni mmoja, naye hukana. Leo wahalifu walikuwa wengi, wote wanakiri, na wote wanataka kufungwa.

"Kaeni kwa zamu," alisema. "Benchi ni moja."

Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja nyuma ya banda la zimamoto, pamoja na selo ambayo tangu Krismasi ilikuwa imejaa mapambo ya barabarani: nyota za waya, taa, na kulungu wa plastiki. Fern, karani wa kituo, mjane asiyeogopa mtu, aliwaambia wale waliokiri kwamba anayetaka kufungwa ataingia humo na kusimama katikati ya kulungu, na akivunja nyota hata moja atamjibu yeye, si hakimu. Alikuwa na hasira zake nyingine. Ibada ya mwaka mpya, alisema, ilimwudhi. Kwaya iliimba kama mlango usiotiwa mafuta, kwa sababu Naomi Trexler hakutokea, na bila Naomi sauti ya pili haina mwenyewe.

Wilmer alimsikiliza nusu nusu. Alikuwa anatazama dirishani, juu, kwenye paa la ukumbi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jana, asubuhi ya mwaka mpya, watu walipotoka kanisani waliinua macho wakamwona jogoo wa shaba amelala ubavu juu ya paa, mkia umenasa kwenye bomba la moshi, kama mlevi aliyekosa kitanda. Mababu walimweka pale aonyeshe upepo unakotoka. Lakini mhimili wake wa chuma uliliwa na kutu zamani, akaganda, mdomo umeelekea baa ya Rupp kiangazi na kipupwe, hata watu wakawa wanasema ndiye mkazi pekee wa Weidenburg asiyeficha anakotaka kwenda. Walimpenda. Na kwa kuwa asubuhi hiyo hiyo mji mzima ulikuwa umesikia milio ya magobore, hakuna aliyejisumbua kuuliza amepatwa na nini.

Magobore ni mila. Kila mwaka mpya wapigaji hupita nyumba kwa nyumba. Husimama uani, mmoja wao akasoma dua ya mwaka kwa Kijerumani cha mababu, akawatakia wenye nyumba afya, zizi lililojaa na majirani wavumilivu, kisha akauliza kama yumo ndani anayechukizwa na kelele. Asipojibiwa, hufyatua wote kwa pamoja, baruti tupu, halafu hukaribishwa kwa nyama ya nguruwe na kabichi chachu. Nyumba isiyopigiwa huhesabiwa kwamba haijauanza mwaka.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka mwenyekiti wa halmashauri, Bi. Naomi Trexler, mwalimu mstaafu wa hesabu, alipopitisha sheria ndogo ya mji. Ilibandikwa kwenye mlango wa kila duka: *Ni marufuku kurusha kitu chochote kwa bunduki, upinde, manati au chombo kingine chochote ndani ya mipaka ya mji.* Klabu ya wapigaji ikajibu kwamba sheria ya jimbo la Pennsylvania hairuhusu mji kujitungia sheria yake ya bunduki, na kwamba mara ya mwisho walipotazama ramani, Weidenburg haikuwa nchi huru. Naomi akawaambia waende mahakamani. Walikwenda kwa wakili, na wakili akawaambia kwamba huwezi kuilalamikia sheria ambayo haijakuuma. Apatikane kwanza mtu aliyekamatwa kwa sheria hiyo.

Basi mwaka mpya ulipofika walikuja wakafyatua mbele ya kituo cha polisi. Wilmer alitoka na kikombe mkononi, akaisikiliza dua mpaka mwisho, akawaeleza kuwa sheria inakataza kurusha kitu, na baruti tupu hairushi kitu ila moshi na harufu. Aliwatakia heri akarudi ndani. Klabu haikumsamehe.

Sasa kitu kilikuwa kimepatikana, na kilikuwa kimempata jogoo.

Wilmer alikuwa amekwisha kuzungumza na wakili wa mji kwa simu. Wakili huyo alikuwa mtu wa maneno machache kwa sababu alikuwa na mafua.

"Ukimshtaki mtu wa bunduki, watatupeleka mahakamani na watatushinda," alisema. "Hakimu atalifuta neno bunduki, mengine atayaacha, na gharama zitaila bajeti ya kituo chako yote. Ukimpata mtu wa manati, hapo nipigie, hata kama naoga."

Na Jumatatu halmashauri ilikuwa inapiga kura kama kituo kifungwe na ulinzi wa mji uachiwe polisi wa jimbo, ambao makao yao yako ng'ambo ya mlima na ambao hufika wakati mwizi amekwisha kuoga na kulala. Wajumbe walikuwa wamegawanyika nusu kwa nusu. Kura ya kuamua ilikuwa ya mwenyekiti, naye Naomi alikuwa amemwambia Wilmer waziwazi, mbele ya Fern, kwamba polisi wasioweza kumkamata mtu aliyempiga jogoo juu ya vichwa vyao wenyewe hawana haja ya kupewa gari.

Kwa hiyo hesabu ya Wilmer ilikuwa fupi. Akimshtaki mtu wa bunduki, kituo kitakufa mahakamani. Asipomshtaki mtu, kitakufa Jumatatu.

Aliwahoji waliokiri mmoja mmoja, pembeni, karibu na kabati la majalada, na kila mmoja alimwuliza swali lile lile: ulimpiga wapi? Wa kwanza alisema kifuani. Wa pili alisema kichwani, tena jichoni. Wa tatu alifikiri sana, akasema alilenga mkia kwa sababu hakutaka jogoo aumie.

Wa nne alikuwa Clayton Haas, mchinjaji nyama na mwenyekiti wa klabu, mtu mpana mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alikuwa na mfuko.

"Umebeba nini?" Wilmer aliuliza.

"Mswaki na soksi. Na mke wangu ameniwekea bakuli la nyama na kabichi. Hakujua kama mnalisha."

"Hatulishi."

"Ndicho nilichomwambia." Clayton alikaa, benchi likalia. "Nikamate, Wilmer. Usinizungushe. Wakili amekwisha kuandika kila kitu, amebakiza jina."

"Ulimpiga wapi?"

"Ubavuni. Risasi ikaingia huku ikatokea kule."

"Risasi ya namna gani?"

"Ya mviringo. Nimeiyeyusha mwenyewe jikoni."

Wilmer aliandika polepole. Mwandiko wake ulikuwa mzuri na hakupenda kuuharakisha.

"Uliitia mtutuni kabla ya dua au baada ya dua?"

Clayton aliuvuta mfuko wake magotini.

"Nauliza ili niandike sawasawa," Wilmer akaendelea. "Wewe ndiye msomaji wa dua. Baada ya dua hufyatuliwa papo hapo, hakuna nafasi ya kutia kitu. Kwa hiyo naandika hivi: Clayton Haas alisimama uani mwa watu, akawatakia afya na zizi lililojaa, na huku ana risasi mtutuni. Ni sawa?" Akawageukia wale watatu wa kwenye benchi. "Njooni mshuhudie, mabwana. Mwenyekiti wenu anataka kusema jambo."

Walikuja. Hapakuwa na mtu mle chumbani asiyejua kwamba mpigaji anayetia hata kokoto mtutuni siku ya dua hufutwa katika klabu, na gobore lake hutundikwa juu chini katika baa ya Rupp, kila anayekunywa alione. Baba yake Clayton ndiye aliyemfukuza binamu yake mwenyewe kwa kosa hilo, na matawi mawili ya ukoo wa Haas hayajaketi meza moja tangu wakati huo.

Clayton alizitazama nyuso za wenzake. Wao walikuwa wanatazama kulungu.

"Huandiki hivyo," alisema.

"Naandika ulivyosema."

"Basi sikumbuki vizuri. Palikuwa na moshi."

Na wenzake nao, mmoja baada ya mwingine, wakaona kwamba hawakumbuki vizuri. Yule wa mkia alisema huenda alikuwa kwa mkwewe. Clayton aliuchukua mfuko wake, akafika mlangoni, akasimama.

"Wewe ulikuwa mpigaji, Wilmer. Baba yako alikubebesha gobore refu kuliko wewe. Na leo unatufanyia hivi."

"Ndiyo maana najua pa kuuliza," Wilmer alisema. "Acha bakuli."

Clayton hakuliacha.

Baadaye kidogo Lamar Seip, mkuu wa zimamoto, alipandisha gari la ngazi, akamshusha jogoo amemfunga blanketi kama majeruhi, akamlaza juu ya meza ya Fern. Wilmer alimfunua, akavaa miwani, akamzunguka. Alimgonga kifua kwa ukucha. Alimpapasa kichwa, shingo, mkia. Kisha akamgeuza, akamkagua upande wa pili.

Jogoo hakuwa na tundu. Hakuwa na tundu la kuingilia wala la kutokea, kifuani wala jichoni. Alichokuwa nacho ni bonde moja kubwa ubavuni kushoto, chini ya bawa, la kutosha kulaza ngumi ya mtu mzima. Shaba yake ilikuwa nyembamba kama ya sufuria, na risasi ingepita ndani yake kama sindano kwenye kitambaa. Kilichompiga kilikuwa kikubwa, kizito, tena laini kuliko shaba. Na kwenye mkunjo wa bonde hilo palikuwa na kitu cheupe kilichoganda kwa barafu.

Wilmer alikikwangua kwa kisu cha kufungulia barua, akakiweka kwenye kisosi juu ya hita. Kiliyeyuka. Alikinusa. Upande mmoja kilikuwa na ganda la kahawia.

"Kiazi," alisema. "Kibichi."

Fern alitoa rai kwamba kunguru alikiokota jalalani akakiangusha. Wilmer alimjibu kwamba kunguru wa kubeba kiazi kizima na kubonyeza shaba angemwajiri leo hii, maana nafasi moja ya askari iko wazi. Fern akasema basi ni watoto wa Rupp na manati yao. Hilo lilikuwa wazo la maana, na kwa dakika chache Wilmer alilifurahia, kwa sababu ya maneno ya wakili wa mji. Lakini alikuwa mtu wa kujaribu kwanza. Alichukua kiazi kimoja, kibichi bado, katika chakula cha mchana cha Fern, bila kuomba, akarudi nyuma mpaka ukutani, akalitupia pipa la taka kwa nguvu zake zote. Kiazi kilipasuka vipande, pipa likayumba, halikubonyea. Fern alisema pipa hilo limemshinda kiongozi wa polisi na sasa yeye hana mchana.

"Hakuna manati ya kukirusha kiazi mpaka juu ya paa na bado kikawa na nguvu ya kubonyeza shaba," Wilmer alisema. "Hakuna mkono pia."

Lamar Seip alikuwa bado amesimama mlangoni. Alikuwa amevua glavu moja na sasa alikuwa anaivaa tena.

Wilmer hakumtazama. Alimchukua jogoo, akamweka mdomo uelekee dirishani, upande wa baa ya Rupp, kama alivyokuwa amesimama maisha yake yote. Angekuwa jogoo mzima, anayegeuka na upepo, ubavu wake wa kushoto ungeweza kutazama popote. Lakini huyu alikuwa ameganda. Ubavu wa kushoto wa jogoo wa Weidenburg ulitazama mlima wa Mtaa wa Kanisa, wala haukutazama kwingine. Huko juu, mahali ambapo mtu anaweza kuliona paa la ukumbi bila kuzuiwa na miti, pana nyua tatu tu.

"Ua wa mchungaji," alisema Wilmer. "Mchungaji alikuwa mimbarini, tulimsikia sote, wengine mpaka mwisho. Ua wa daktari, naye yuko Florida tangu majani yalipoanguka. Na ua wa tatu ni wa mtu ambaye jana hakuja kwaya."

Fern aliacha kufagia viazi.

"Lamar," Wilmer alisema kwa upole, "ule mzinga wenu wa viazi uko wapi?"

Ule mzinga ulikuwa fahari ya zimamoto: bomba refu la plastiki, tangi la hewa, pampu ya baiskeli na koki. Hauna baruti wala moto. Kila maonyesho ya mavuno waliutoa kiwanjani, wakapigia friji kuukuu, na mwaka jana kiazi kimoja kiliupasua mlango wa friji hiyo, watu wakapiga makofi.

Lamar alitazama viatu vyake. Alisema alimwazima mtu kabla ya mwaka mpya. Alisema mtu huyo alitaka hewa ya kuzibulia bomba la sinki la mama yake. Alisema yeye aliona ajabu kidogo mtu huyo alipouliza viazi gani vinafaa, lakini mtu mwenyewe ni mwenyekiti wa halmashauri, na gari la ngazi linahitaji matairi mapya.

Wilmer alimfunga jogoo katika blanketi, akamtia kwapani, akapanda Mtaa wa Kanisa kwa miguu.

Naomi Trexler alimfungulia yeye mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwembamba, amenyooka kama rula, na alikuwa na desturi ya kumtazama mtu kana kwamba anasubiri amalize kukosea.

"Umemkamata?"

"Nimekaribia, Bi. Mwenyekiti. Naomba niingie, mzigo ni mzito."

Jikoni, karibu na jiko, alikaa mama yake, Bibi Beulah, na shali mbili magotini. Ndiye aliyemfundisha Wilmer shule ya Jumapili, na hakuwahi kukubali kwamba amekua. Alimwuliza kama amepangusa miguu. Kisha, kabla hajaulizwa neno, alimpa habari.

"Mwaka huu nimepigiwa, mwanangu. Watu walisema bibi yule mwaka huu hapigiwi, kuna sheria. Mimi tangu nizaliwe sijakosa. Hata mwaka wa ile homa walinipigia dirishani, wamefunga pua."

"Mama, kabichi inapoa," Naomi alisema.

"Inapoa kwa sababu hujanipa."

"Nani alikupigia, bibi?" Wilmer aliuliza.

"Kwani nani mwingine mwenye moyo? Alisimama hapo uani, amevaa koti la marehemu baba yake juu ya gauni la kulalia, akasoma dua yote. Kijerumani chake kibovu. Alinitakia zizi lililojaa wajomba. Lakini sikumkatiza, maana amejitahidi. Halafu akafyatua." Bibi Beulah alitikisa kichwa. "Mlio, Wilmer, ulikuwa kama mtu amefungua soda. Nimelala naufikiria. Sijui kama mlio ule unahesabika."

Wilmer aliweka mzigo mezani akaufunua. Jogoo aliitazama sufuria ya kabichi.

Naomi alivuta kiti akakaa. Aliligusa lile bonde kwa kidole, akakiondoa.

"Nililenga mbingu," alisema. "Nilidhani kitaanguka mtoni."

"Kingeanguka mtoni kama jogoo asingekuwapo."

"Haikuwa bunduki, Wilmer."

"Hapo ndipo penyewe. Ingekuwa bunduki, ungeshinda. Ungekwenda mahakamani na wakili wa klabu, angesema sheria ya jimbo haiuruhusu mji kukukataza, na hakimu angekurudisha nyumbani. Clayton Haas angekubeba mabegani mpaka kwa Rupp." Alitoa miwani, akaifuta. "Lakini jimbo linalinda bunduki. Halilindi bomba la plastiki na pampu ya baiskeli. Ukilifuta neno bunduki katika sheria yako, bado inabaki upinde, inabaki manati, na inabaki..."

"Chombo kingine chochote," Naomi alisema. Alikuwa amefumba macho. "Maneno hayo niliyaongeza mimi. Wakili aliniambia yamezidi. Nikamwambia sheria isiyofunga kila upande ni kama ua wenye tundu."

"Umelifunga vizuri."

Aliyafumbua macho akamtazama mama yake, aliyekuwa anajaribu kulifikia bakuli kwa kijiko.

"Alisema asipopigiwa hataumaliza mwaka," Naomi alisema kwa sauti ya chini. "Alisema kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi. Nikasema mama, hiyo ni imani ya mababu. Akasema sawa, akaanza kuniambia nani apewe vyombo. Siku nzima ya mwisho wa mwaka aligawa vyombo. Siwezi kuwaita wapigaji, sheria ni yangu. Siwezi kukaa tu. Ungekuwa wewe ungefanya nini?"

Wilmer alifikiri.

"Ningelenga chini kidogo," alisema.

Akatoa hati ya kosa, akaijaza pale pale mezani, kwa mwandiko wake mzuri, jogoo akiwa amezuia karatasi isipeperuke. Naomi alisubiri mikono ikiwa imekunjwa. Alipopewa aliisoma kutoka juu mpaka chini, akaomba kalamu.

"Umeandika nilirusha kiasi," alisema. "Ni kiazi. Kwa herufi z."

Wilmer aliichukua, akasahihisha, akatia saini ndogo pembeni. Naomi hakutia yake bado.

"Ungeweza kuichana," alisema. Hakulisema kama ombi. Alikuwa anaangalia tu kama hesabu inakubali.

"Ningeweza. Halafu Jumatatu ukikiachia kituo uhai, Lamar atasema umenunuliwa kwa kimya. Ukikifunga, Fern atasema umemfukuza shahidi. Mimi na wewe tungekuwa tumefungwa kamba moja maisha yetu yote, na mimi nina miguu mibaya."

"Na nikitia saini?"

"Ukitia saini, umeshtakiwa kwa sheria yako, nawe umeikubali. Klabu haina mtu wa kumpeleka mahakamani, kwa sababu aliyeumwa na sheria hana bunduki. Sheria yako inabaki imesimama, angalau ile nusu yake nyingine. Na Jumatatu utapiga kura unavyoona."

Naomi aliiona mara moja. Alikuwa amefundisha hesabu muda mrefu mno asiione.

"Siwezi kupiga kura ninavyoona," alisema. "Nikipiga kura kituo kifungwe baada ya hii, mji mzima utasema Naomi Trexler aliwafukuza polisi kwa sababu ya kiazi. Wataliandika kwenye keki kwenye maonyesho ya mavuno."

"Clayton ataliandika kwenye soseji."

Alitia saini. Saini yake ilikuwa wima, bila mapambo. Kisha alisimama, akampakulia mama yake kabichi, na baada ya kusita kidogo akampakulia na Wilmer, nyama vipande viwili.

Bibi Beulah alikuwa amefuatilia yote kwa makini, mkono sikioni. Alinyoosha mkono, akaomba aone karatasi. Hakuwa na miwani, lakini aliishika kwa heshima, akaupapasa mhuri.

"Hii inasema nini, Wilmer? Niambie kwa maneno mafupi."

"Inasema kwamba asubuhi ya mwaka mpya, ndani ya mipaka ya mji, katika ua huu, kitu kilirushwa, bibi."

"Kilirushwa kweli? Kisheria?"

"Kisheria kabisa. Na aliyerusha amekubali kwa saini."

Bibi Beulah aliikunja ile karatasi, akaitia chini ya shali ya juu, mahali ambapo hakuna polisi ambaye angethubutu kuifuata.

"Basi mlio umehesabika," alisema, akavuta bakuli. "Naomi, yale niliyosema kuhusu vyombo, acha kwanza."